Jinja au Mbale? Anza na wanaobaki nyumbani

Mama mmoja alinijia mwezi wa Machi na barua ya kazi mkononi. Alikuwa ameajiriwa kusimamia miradi ya afya mashariki mwa Uganda, kuanzia Busoga hadi Sebei, na mwajiri alimwachia achague mwenyewe pa kuishi: Jinja au Mbale. Kwenye karatasi alikuwa amepiga safu mbili, huku kodi ya nyumba, karo na nauli za Jinja, huku za Mbale. Nikamuuliza, "Mama, ukishatoka asubuhi kwenda kazini, nani anabaki?" Akawahesabu: mume wake, fundi wa majokofu, binti wa darasa la saba, mvulana wa darasa la pili, na mama mkwe, mzaliwa wa Bungoma upande wa Kenya. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo kwenye ile karatasi.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwasaidia wafanyakazi kuhama na familia zao, na jambo hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona likivunja nyumba. Aliyepata kazi anapofika mji mpya hukuta dawati, wenzake na mshahara vinamngoja. Wengine wote hawakuti kitu. Mume anaanza upya kutafuta wateja, mtoto hana rafiki, bibi hajui hata pa kununulia chumvi. Familia ikirudi ilikotoka kabla mwaka haujaisha, mara nyingi kazi yenyewe haikuwa na tatizo. Ndiyo maana nashauri mji uchaguliwe kwa ajili ya hao wasio na ofisi ya kwenda.

Kazi nayo ina hesabu yake, lakini ni fupi. Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, kwenye barabara kuu ya malori yaendayo Busia na Malaba. Mbale iko mbali karibu mara tatu, chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaba. Ukiitwa makao makuu kila wiki, Jinja itakuokoa. Lakini kama kazi yako iko Bududa, Sironko na Kapchorwa, ukikaa Jinja utakuwa unapita Iganga na Tirinyi kwenda Mbale na kurudi, karibu kilomita 300, kabla hujaanza kupanda mlima. Chukua ratiba ya mwezi mmoja wa kazi, si ramani, uhesabu siku. Mama yule alihesabu, akakuta siku 12 za milimani na 2 tu za Kampala.

Shule inahitaji subira zaidi. Uganda humsajili mtahiniwa wa darasa la saba katika kituo maalumu cha mtihani mapema mwaka uleule wa mtihani, naye huketi hapo mwezi wa Novemba. Watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita nao husajiliwa hivyo katika vituo vyao. Kumng'oa mtoto katikati ya mwaka huo ni kumtwisha mzigo usio wake. Kwa mdogo, suala ni lugha. Mtaala wa shule za msingi, tangu 2007, unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali, kisha darasa la nne ndipo Kiingereza kishike. Shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja, lakini usidhani. Uliza shule ileile unayoitaka. Mtoto aliyekulia Kampala akizungumza Kiganda hukiona Kisoga cha Jinja kama jirani. Kimasaaba cha Mbale kiko mbali naye zaidi, ingawa Kiganda kinasikika sana sokoni na barabarani.

Sasa nyumba, na hapa naomba msomaji atulie. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, baada ya mvua kubwa, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mbale inakaa kwenye mlango wa mlima: maji yaliyonyesha juu, ambayo huku chini pengine hata hayakuonekana, hufika mjini kwa saa chache, na bonde likiwa limejengwa hayana pa kupumulia. Ndiyo maana kodi ya nyumba ya Mbale haina maana mpaka ujue nyumba iko umbali gani na mto na imesimama juu kiasi gani. Dalali atakuonyesha nyumba siku ya jua. Wewe rudi siku ya mvua. Tazama ukutani kama kuna mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake. Zungumza na waendesha boda wa kijiweni, maana wao wanajua barabara ipi hukatika kwanza. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ambaye utamhitaji hata hivyo ukifika ugenini, na umuulize maji ya mwaka ule yalifika wapi.

Jinja haina mlima wa kuimwagia maji, lakini ina ziwa. Karibu na mwambao, kama kule Masese, kichocho ni ugonjwa wa kweli, na watoto wanapenda kuchezea maji. Waambieni mapema, wala msingoje waugue. Malaria iko miji yote miwili. Kila mmoja una hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtoto mwenye kichwa maji ana sababu ya pekee ya kuwa karibu na Mbale: Hospitali ya CURE ya pale imeyatibu maradhi hayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndipo Daktari Benjamin Warf alipoendeleza njia ya upasuaji isiyolazimu mtoto kuishi na mrija kichwani.

Kazi ya mwenzi ndiyo watu huiacha ijipange yenyewe. Jinja ilikua kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, na kwa kiwanda cha nguo cha Nytil, huku sukari ya Kakira ikiwa imetangulia tangu miaka ya 1930. Kisha Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, viwanda vingi vikalala, na mtaa mzima ulioishi kwa mshahara wa geti moja ukalala navyo. Viwanda vimefufuka, watalii wanakuja kuona chanzo cha Nile, lakini ningependa familia ikumbuke mwaka ule kabla ya kuegemeza kila kitu kwa mwajiri mmoja. Mbale inaishi kwa biashara ya kahawa ya mlimani, kwa njia ya kwenda Soroti na Karamoja, na kwa wanafunzi: Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo Nkoma tangu 1988. Sasa kuna pia eneo la viwanda.

Mume wa yule mama alifanya nilichomwomba. Alikaa siku mbili Jinja na siku mbili Mbale, begi la vifaa begani, akiingia madukani kuuliza nani huwatengenezea friji. Jinja aliambiwa mara nyingi kwamba fundi yupo. Mbale, wenye maduka watatu walimpa jokofu bovu siku hiyohiyo.

Na kununua kiwanja? Kaeni kwanza mwaka mzima mkipanga nyumba. Njeru, ng'ambo ya Nile, bei huvutia, lakini iko Buganda, ambako ardhi nyingi ni ya mailo: huyu ana hati, yule ana kibanja juu ya ardhi ileile. Vijijini kuzunguka Mbale ardhi nyingi ni ya kimila, na ukoo ndio wenye kauli. Mgeni wa miezi miwili hawezi kujua nani ana haki ya kumuuzia.

Bibi ndiye aliyemaliza shauri. Walimchukua kutazama miji yote miwili, jambo ambalo familia nyingi hazifanyi. Jinja aliketi garini. Katika Soko Kuu la Mbale alishuka, akasimama kwa muuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa, akauliza bei kwa Kibukusu. Akajibiwa kwa Kimasaaba. Mpaka wa Uganda na Kenya uliwapita watu hawa katikati, lakini lugha zao bado zinasikilizana. Wakabishana bei, wakaulizana habari za koo, na mkwe wake akasubiri karibu nusu saa.

Binti alifanya mtihani wake Kampala, alikokuwa amesajiliwa, mwezi wa Novemba, akikaa kwa shangazi yake. Januari wote wakahamia Mbale, nyumba ya upande wa juu, chumba kimoja pungufu ya walichotaka. Bibi huenda sokoni Jumanne na Ijumaa, peke yake.