Oili Chafu Si Dawa ya Kutu

Swali ninaloulizwa na wenye Land Rover za turubai, tangu Kasulu mpaka Kibondo na kupanda hadi Nyabibuye, ni moja kila mara, nalo huja kwa maneno yale yale kana kwamba wote wamelisoma katika chuo kimoja: "Fundi, nipulize oili chafu mara ngapi kwa mwaka, gari lisishike kutu mpaka nimpate mnunuzi?" Nimekwisha kulijibu kwa upole, nikalijibu na kwa mzaha, na sasa nalijibu kwa maandishi, ili atakayekuja kuniuliza tena nimpe makala haya asome wakati mimi naendelea na kazi. Usipulize hata mara moja.

Mwenye gari la Series II au IIA, yaani yale ya baina ya 1958 na 1971, au la Series III lililofuata mpaka 1985, ambalo paa lake ni turubai la kufungwa kwa kamba juu ya matao ya chuma, na kioo chake cha mbele hulazwa juu ya boneti mtu akitaka kupigwa na upepo, anamiliki kitu ambacho wapenzi wa magari ya kale huko Uingereza na Nairobi hukionea shauku ile ile wanayoionea Mercedes 230 SL ya wazi. Kwa hiyo hakosei anayetumaini kuliuza kwa bei ya heshima gari aliloachiwa na baba yake, au alilolinunua katika mnada wa misheni au wa idara ya serikali na kulitunza kwa mahaba miaka yote hii. Kosa lake limo katika dawa aliyoichagua.

Itikadi hii ya oili haikuzuka bure, na insafu yataka niitaje asili yake. Land Rover ya kale huvuja: giaboksi huvuja, difu huvuja, na injini nayo haikubali kuachwa nyuma. Mtu akiingia uvunguni akaiona chasisi iliyo karibu na giaboksi ingali nzima chini ya utando mweusi, kisha akatambaa hadi nyuma akaikuta boriti ya mwisho imetoboka, hukata shauri palepale kwamba penye oili pamepona kwa sababu ya oili. Ni kweli kwamba oili inayodondoka kila siku juu ya chuma kisicho na uchafu hukikinga na maji na hewa. Walakini katikati ya gari hapatupiwi tope sana, na joto la injini hupakausha kila safari, ilhali boriti ya nyuma hupokea tope lote linalorushwa na magurudumu, haina joto la kuikausha, na mwenyewe huisahau kwa kuwa haimchafui suruali. Iondolee giaboksi uvujaji wake wote, na sehemu ile bado itaishi kuliko boriti.

Tena, kutu ya gari hili haianzii pale bomba la kupulizia linapofika. Chasisi yake ni sanduku la mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa kingo kwa kingo, na ndani yake mna uwazi unaopita urefu wa gari. Maji na udongo wetu mwekundu huingia humo kwa matundu, na matundu ya chini yaliyowekwa ili yatoe maji huzibwa na udongo uo huo, hata ikawa mvua ya Novemba bado imo ndani mwezi wa Mei. Chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje, na siku unapoiona kutu juu ya ngozi ya chasisi, nyama imekwisha. Sasa wewe umelala chali juu ya gunia, unapulizia ngozi!

Na hicho unachopulizia ni nini? Ni uoza uliotolewa katika injini ya lori au ya jenereta kwa sababu umekwisha nguvu, umejaa asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta, maji kidogo, masizi, na unga wa chuma uliosagika. Ukiupaka leo, kesho vumbi la njia ya Kakonko limeunata. Baada ya mwezi mmoja una gamba nene linalofyonza maji ya mvua na kuyashikilia juu ya chuma, jambo ambalo chasisi tupu isingelifanya, kwani ingekauka kwa jua la saa moja. Fauka ya hayo, oili huvimbisha na kulainisha mpira, na gari hili limekaa juu ya mpira: bushi za springi, mikono ya injini, mipira ya breki. Turubai la pamba likiguswa nayo huchafuka doa lisilotoka. Na vitone vinavyomwagika huishia katika udongo unaopitisha maji ya kisima chako.

Lakini lililonitoa katika upole ni breki ya mkono. Breki hiyo, katika Land Rover za Series, haishiki magurudumu. Ni ngoma moja iliyo nyuma ya giaboksi, inayoshika shafti iendayo nyuma. Anayepulizia oili uvunguni huipulizia na ngoma hiyo, na viatu vyake vikishalowa havishiki tena. Nimewahi kuifungua ngoma ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa akitegesha jiwe nyuma ya gurudumu kila anaposimama kilimani na kuamini kwamba ni uzee wa gari: viatu viling'aa weusi, na oili ilichuruzika mpaka kiwikoni mwangu. Hakuwa na tatizo jingine lolote ila dawa yake.

Mnunuzi naye si mjinga. Anayeijua Land Rover huja na nyundo ndogo, akaigonga chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma akisikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza huitika kizito. Akikuta gamba la oili hatasema umetunza, atasema umeficha, na ataipunguza bei kwa gharama ya chasisi nzima hata kama iliyoharibika ni boriti moja tu.

Yafanywayo ni haya, na si mengi. Chokonoa matundu ya maji kwa waya, uoshe ndani ya sanduku kwa maji mengi, liache likauke siku kadhaa chini ya bati, si juu ya majani mabichi. Palipooza pakatwe pachomelewe bamba jipya. Puti haishiki uzito. Kwangua kutu, paka rangi ya zinki, kisha uingize nta ya chasisi ndani kwa bomba refu. Mabamba mengi ya bodi hayashiki kutu kwa kuwa ni ya alumini, kwani Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948 chuma nchini Uingereza kilikuwa cha kugawiwa kwa kibali. Ila alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa ikawa unga mweupe, basi tia mpira au rangi baina yao. Turubai usilikunje likiwa bichi. Kabureta, taa na viti vya asili ulivyovitoa, hata vibovu, usiviuze kwa wa chuma chakavu. Liwashe na uliendeshe kila wiki.

Kuhusu kuuza, angalia kwanza namba iliyogongwa kwenye chasisi kama yalingana na kadi ya gari, na jina la kadi kama ni lako. Ikiwa ni la marehemu, nenda mahakamani upate msimamizi wa mirathi kabla hujamwita dalali yeyote. Ikiwa ni la misheni, omba barua yao. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo usitishwe na hilo. Arusha, ambako wenye Land Rover walifanya tamasha lao Oktoba 2024, kuna wanunuzi wa kweli. Wa Nairobi watakusifia gari sana, lakini Kenya kwa kawaida haipokei gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hiyo wasilipe arbuni mpaka wamekuonyesha kibali. Marekani, iliyo mbali, hulipokea likishatimiza miaka 25, na meli huondoka Dar es Salaam. Anayekuuliza kama ndani yake mna zebaki nyekundu ni tapeli, mfungulie mlango atoke. Fedha ipite benki, kadi ibaki mkononi mwako mpaka imeingia, na mnunuzi akitaka kujaribu breki ya mkono mlimani, mpe ufunguo.