Nywele Zilizoharibiwa na Dawa ya Kung'arisha: Zitengenezwe Namna Gani?

Zikaribiapo siku za Noeli, za Pasaka au za arusi, mabinti na akina mama wa Kasongo na Kabambare huanza kutengeneza vichwa vyao. Wengi husuka, wengine hufunga kitambaa kizuri. Lakini wako pia wanaonunua dawa ya kung'arisha nywele na kuitia nyumbani, mmoja ameshika chupa, mwenzake ameshika kioo. Walitaka rangi ya dhahabu. Wakiisha kuosha, kumbe, kichwa kimekuwa rangi ya chungwa, tena kina mabaka. Hapo ndipo hufuata kosa la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza: kukimbilia dukani kutafuta chupa nyingine yenye nguvu zaidi.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki haya ili kumcheka mtu. Kujipamba kwa kiasi si dhambi, na tangu zamani wanawake wa Waswahili wametia hina. Twaandika kwa sababu kosa hili laweza kutengenezwa, mradi mtu ajue kwanza ni jambo gani lililotokea.

Kwa nini nywele nyeusi zageuka rangi ya chungwa

Ndani ya kila unywele mna chembe za rangi ziitwazo melanini. Dawa ya kung'arisha hufungua magamba madogo ya unywele, kisha maji ya oksijeni huingia na kuziharibu chembe hizo. Nywele nyeusi haziwi za dhahabu mara moja. Kwanza huwa kahawia, kisha nyekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo huja manjano. Basi, anayekoma katikati ya njia hukuta chungwa. Tena joto la kichwa huiharakisha dawa, kwa hiyo mashina hung'aa upesi kuliko ncha. Ndiyo asili ya mabaka.

Nguvu ya maji hayo huandikwa chupani. Yale ya kuoshea vidonda huwa ya 3 kwa mia. Yale ya nywele huwa ya 6, ya 9, hata 12 kwa mia, nayo huandikwa 20, 30 na 40. Maana ya 20 ni kwamba lita moja ya maji hayo yaweza kutoa lita 20 za hewa ya oksijeni. Maji ya 40 yakigusa ngozi ya kichwa yaweza kuiunguza.

Mambo ya kufanya

Kwanza, koma. Osha kichwa kwa maji mengi yasiyo ya moto, wala usitie dawa tena siku ile. Ikiwa ngozi imetoka malengelenge au inauma sana, nenda kituo cha afya. Dawa ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha umwone mganga bila kukawia.

Pili, zipime nywele. Shika unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Ukinyoka kidogo na kurudi, ungali na nguvu. Ukivutika kama mpira bila kurudi, au ukikatika, hakuna rangi itakayousaidia, yafaa kukata.

Tatu, kama nywele zina nguvu, rudi karibu na rangi yako ya asili. Ijulikane kwamba rangi hushindwa na rangi iliyo kinyume chake: buluu huondoa chungwa, zambarau huondoa manjano, nyekundu huondoa kijani. Kwa hiyo, mwenye kichwa cha chungwa achague rangi ya kahawia iliyo na buluu ndani yake, isiyo na amonia. Achague ile iliyo nyepesi kidogo kuliko anayoitaka, kwa maana nywele zilizong'arishwa hunywa rangi kama sifongo. Aliyefika manjano kabisa asirukie rangi ya giza mara moja, kwani yaweza kutokea kijanikijani. Fundi mwenye kujua hutanguliza rangi yenye wekundu.

Nne, jaribu kabla ya kutia. Paka rangi kidogo nyuma ya sikio au penye kiwiko, ungoje saa 48. Rangi nyingi za giza, hata ile iitwayo hina nyeusi, zina dawa ambayo watu wengine huvimba uso kwa ajili yake. Jaribu pia katika shungi dogo lisiloonekana.

Tano, zipumzishe. Dawa ya kulainisha nywele isitiwe juu ya nywele zilizong'arishwa, maana zitakatika. Acha kuzichoma kwa chuma cha moto, wala usizisuke kwa kukaza. Mafuta ya nazi huzisaidia zisipoteze nguvu iliyosalia, lakini hakuna mafuta yafufuayo unywele, kwa sababu unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Mpya huota karibu sentimeta moja kwa mwezi. Kwa mwenye subira, kunyoa na kungoja miezi michache ndiyo dawa isiyogharimu kitu.

Jambo la kukatazwa kabisa

Wengine, kwa kukosa fedha, hutumia javeli ya kufulia nguo. Msifanye hivyo kamwe! Huunguza ngozi na kula unywele. Ikichanganywa na amonia, au na siki, hutoa hewa yenye sumu. Chupa zote hizi ziwekwe mahali pa juu, mbali na watoto.

Nywele nyekundu za mtoto

Hapa twataka wazazi wasikilize sana. Mtoto mdogo ambaye nywele zake zageuka nyekundu, nyembamba, zenye kung'oka upesi, hana kosa la rangi. Aweza kuwa na bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili, ambao daktari Cicely Williams aliuandikia huko Ghana mwaka 1933. Tazama miguu yake: ukiibonyeza, je, kidole chaacha shimo? Basi mpeleke kituo cha afya leo hii. Usimpake rangi ili majirani wasione. Wekundu ule ni kilio cha mtoto asiyeweza kusema.

Na ninyi akina baba, binti akirudi na kichwa cha chungwa, msimpige wala msimwite jina baya. Mwenye aibu hujificha, huacha masomo, au hutumia fedha ya daftari kununua chupa ya pili kwa siri. Mama na amketishe, amwoshe kichwa, apime unywele mmoja, kisha waamue pamoja. Kitambaa safi kichwani chatosha kwa kwenda Misa na shuleni, hata nywele mpya zitakapoota.