"Inflammable": neno la onyo linalosomeka kinyume

MWANAFUNZI aliyefundishwa kwamba "visible" ni kitu kinachoonekana na "invisible" ni kisichoonekana, ana kila sababu ya kudhani kwamba "flammable" ni kinachoshika moto na "inflammable" ni kisichoshika. Hoja yake ina mantiki, lakini jibu analolipata ni la hatari, kwa kuwa neno hilo huandikwa kwenye makopo ya rangi, chupa za spiriti na matangi ya malori ya mafuta.

Ukweli ni kwamba maneno hayo mawili yana maana moja: kitu kinachoshika moto kwa urahisi.

Mkanganyiko unatokana na silabi ya kwanza. Kiingereza kilirithi kutoka Kilatini viambishi viwili vyenye sura moja, "in-", ilhali kazi zake ni tofauti. Kimoja hukanusha, kama katika "invisible". Kingine humaanisha "ndani ya", kama katika "inhale", yaani kuvuta pumzi ndani. Kitenzi cha Kilatini "inflammare", kutia moto, kimetumia hicho cha pili, na ndicho kilichozaa "inflammable". Ndugu yake ni "inflammation", neno la matabibu kwa sehemu ya mwili iliyovimba na kuwaka. Hakuna daktari anayelisoma kama ukosefu wa moto.

Kwa umri, basi, "inflammable" ndilo kongwe. "Flammable" lilionekana maandishini mwanzoni mwa karne ya 19 na likabaki adimu, hadi wataalamu wa kuzuia moto walipolifufua. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, kilianza kuhimiza litumike kwenye maonyo, na mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ikafuata njia hiyo hiyo. Ni nadra kwa lugha kurekebishwa na watu wa zimamoto, lakini hapa walikuwa na haki kuliko wanasarufi.

Mmoja wa watu waliochunguza jinsi maneno yanavyoweza kuleta moto ni Mmarekani Benjamin Lee Whorf, ambaye alikuwa mwanaisimu na wakati huo huo mkaguzi wa kinga ya moto katika kampuni ya bima mjini Hartford. Katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1941, alieleza kwamba watu walichukua tahadhari kubwa karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na yale yaliyoitwa matupu walivuta sigara na kutupa vishungi ovyo. Kumbe pipa "tupu" ndilo la kuogopwa zaidi, maana limejaa mvuke unaolipuka.

Mvuke huo hauonekani, ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Petroli huutoa kwa kiasi cha kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Huko Sachangwan, Kenya, Januari 31, 2009, na Msamvu mjini Morogoro, Agosti 10, 2019, watu waliokuwa wakichota mafuta ya malori yaliyoanguka walilipukiwa, na katika kila ajali walikufa zaidi ya 100. Misiba hiyo haikuletwa na tafsiri mbaya. Waliochota walijua kuwa petroli huwaka. Hata hivyo, inaonesha gharama ya onyo lisilomfikia mtu kwa wakati.

Kwa matumizi ya leo, "flammable" ndilo la kwenye vibandiko, na kinyume chake ni "non-flammable". "Inflammable" bado linafaa kwa sitiari, kama kumweleza mtu mwepesi wa hasira au mgogoro unaosubiri cheche tu. Kwa Kifaransa, kinachotumika Kongo na Burundi, hali ni tofauti: "inflammable" ndilo neno la kawaida la onyo, na kisichoshika moto huitwa "ininflammable".

Kiswahili hakina utata huo, kwani "inayoshika moto" na "isiyoshika moto" hutofautiana waziwazi. Na kwa asiyesoma lugha yoyote kati ya hizo, kuna alama ya kimataifa ya vimiminika vinavyowaka: msambamba mwekundu wenye mwali wa moto, na namba 3 kwenye pembe ya chini.