Usimamizi wa Michezo na Hafla: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchagua Kozi

Kila mwaka baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa, vijana waliopata alama za kujiunga na vyuo huingia katika tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapanga wanafunzi vyuoni, ili kuchagua kozi. Usimamizi wa michezo na hafla ni miongoni mwa kozi zinazopitwa haraka, au zinazochaguliwa bila kueleweka. Wapo wazazi wanaoikataa wakidhani ni kumpeleka mtoto chuo kikuu kucheza mpira. Wapo pia vijana wanaoichagua wakitarajia itawafanya wachezaji. Pande zote mbili zinahitaji maelezo, kwa sababu karo ya miaka minne si pesa ya kubahatisha.

Ni kozi ya nini hasa?

Mwanafunzi wa kozi hii hafundishwi kukimbia, kupiga penalti wala kuimba jukwaani. Hufundishwa kuandaa mahali na mambo yatakayomwezesha mwanariadha kukimbia, timu kucheza na mwanamuziki kuimba, huku watazamaji wakiingia, wakiketi na kurudi nyumbani salama. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mechi ya dakika 90 hutanguliwa na wiki nyingi za barua, vibali, bajeti, mikataba na vikao na polisi.

Majina ya kozi hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na hapo ndipo wengi hupotea. Sayansi ya michezo huhusu mwili wa mchezaji: mazoezi, lishe na majeraha. Elimu ya viungo huandaa walimu. Usimamizi wa michezo huhusu vilabu, mashirikisho, viwanja na fedha zake. Usimamizi wa hafla huenda mbali zaidi ya michezo na kugusa makongamano, maonyesho, matamasha na sherehe za kitaifa. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, kina kozi ya usimamizi wa burudani na michezo, nacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kinafundisha usimamizi wa hafla na makongamano.

Hesabu ya langoni

Mfano mmoja mdogo unaonyesha kwa nini kazi hii inahitaji kusomewa.

Tuseme uwanja una nafasi ya watu 12,000 na malango 10. Mhudumu akikagua tiketi na mifuko, lango moja linaweza kupitisha watu 10 kwa dakika, yaani 600 kwa saa. Malango yote 10 yatapitisha watu 6,000 kwa saa. Kwa hivyo uwanja huo unahitaji saa mbili kamili kujaa. Mwandalizi akifungua malango saa moja tu kabla ya mechi, firimbi itapulizwa watu 6,000 wakiwa bado nje na tiketi zao mkononi. Wakisikia shangwe ya bao la kwanza, walio nyuma watasukuma, na walio mbele hawatakuwa na pa kwenda.

Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, lakini asipoifanya mtu, gharama yake inaweza kuwa maisha ya watu. Oktoba 23, 2010, watu 7 walifariki katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya mashabiki wa kuingia Kasarani baada ya utaratibu wa usalama kuvunjwa, ikiwemo watu wasio na tiketi kuingia kwa nguvu. Wachezaji hawakuwa na kosa, na nyasi zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa langoni.

Nchi hizo tatu zilichaguliwa mwaka 2023 kuandaa AFCON ya 2027. Viwanja vinaweza kujengwa kwa saruji na vyuma, lakini watu wa kuviendesha hutoka darasani na kwenye uzoefu.

Somo kutoka Naivasha

Wakazi wa Nakuru wana mfano wa karibu zaidi. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Baada ya 2002 iliondolewa katika ratiba ya mashindano ya dunia ya WRC, ikarejea Juni 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha.

Mashindano ya magari ni magumu kuyasimamia kuliko mpira kwa sababu hayana ukuta. Uwanja ni barabara za vumbi zinazopita mashambani, kwenye hifadhi na malisho, kutoka Kedong hadi Soysambu na Elmenteita. Mtazamaji anaweza kutokea kichakani upande wowote. Mifugo huvuka barabara, na wanyamapori pia. Ndiyo maana hutengwa sehemu maalumu za watazamaji, wasimamizi husambazwa njiani, na magari ya ukaguzi hupita kabla ya gari la kwanza la mashindano kuruhusiwa kuondoka. Lazima pia ijulikane mapema ambulensi itasimama wapi, na itapita njia gani barabara ikiwa imefungwa.

Hali ya hewa nayo ina mpango wake. Tangu 2024 mashindano haya yamehamishiwa Machi, mwezi ambao mvua ya masika huanza kunyesha. Barabara iliyokuwa vumbi jioni inaweza kuwa tope asubuhi. Anayesimamia hafla hufundishwa kuandaa mpango wa pili kabla ya wa kwanza kuharibika.

Kuna pia upande wa mfuko. Wakati wa mashindano, hoteli hujaa, waendeshaji bodaboda hupata abiria na wauzaji chakula hupata wateja. Faida hiyo haiji yenyewe. Ni lazima mtu apange wauzaji watakaa wapi, maji yatatoka wapi, takataka zitazolewa na nani, na mkazi atafikaje nyumbani barabara yake ikifungwa. Hafla ikipangwa vibaya, mgeni huondoka na picha nzuri, mwenyeji akabaki na takataka.

Wanafunzi husoma nini?

Masomo hutofautiana kwa chuo, lakini nguzo zake ni zilezile. Kwanza ni fedha: kuandaa bajeti, kutafuta wadhamini, kuuza tiketi na kutoa hesabu kwa risiti. Pili ni sheria: mikataba ya wachezaji na wasanii, bima, vibali, na sheria zinazosimamia michezo nchini, ikiwemo Sheria ya Michezo ya 2013 iliyounda Sports Kenya, ofisi ya Msajili wa Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Tatu ni usalama: kukadiria hatari, kusimamia umati na kushughulikia dharura. Nne ni watu: kuajiri, kufundisha watu wa kujitolea na kuwapanga kwa zamu. Tano ni masoko na mawasiliano. Sita ni viwanja vyenyewe: utunzaji, vyoo, taa, na njia za watu wenye ulemavu.

Juu ya hayo, mwanafunzi hupelekwa mafunzo ya kazini kwa muda. Huko ndiko hujulikana nani anaipenda kazi na nani alipenda jina tu la kozi, kwa sababu siku ya hafla huanza alfajiri na kuisha baada ya kiti cha mwisho kurudishwa stoo.

Kaunti inahusikaje?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi hii. Serikali ya kitaifa ina jukumu la kukuza michezo na elimu ya michezo. Kaunti zimepewa shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni, pamoja na burudani za umma na bustani za kaunti. Kwa maneno mengine, viwanja vya mashinani, ligi za vijana na tamasha za utamaduni zinahitaji watu wanaojua kuzisimamia, na uwanja uliojengwa kwa kodi ya mwananchi ukikosa msimamizi hugeuka malisho ya mbuzi.

Alama zinazohitajika

Kwa shahada, mwanafunzi wa KCSE anahitaji wastani wa C+ au zaidi, na kila chuo huangalia pia alama za masomo fulani. Shahada kwa kawaida huchukua miaka minne. Aliyepata C- anaweza kusoma stashahada, na mwenye D anaweza kuanza na cheti. Njia hiyo ni ndefu lakini haijafungwa: wengi huanzia cheti au stashahada, wakafanya kazi, kisha wakaendelea hadi shahada.

Kwa familia zenye watoto katika mtaala wa umilisi, CBE, uamuzi unaanza mapema. Tangu Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, shule za sekondari ya juu zina mikondo mitatu, na mmoja wao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi asimzuie mtoto kuchagua mkondo huo kwa kudhani unaishia uwanjani. Asimsukume huko pia kwa sababu tu mtoto hapendi hesabu. Kama mfano wa langoni ulivyoonyesha, hesabu humfuata huko huko.

Ajira: ukweli wake

Wahitimu hufanya kazi katika mashirikisho na vilabu, idara za michezo za serikali, hoteli na kumbi za mikutano, kampuni za hafla, shule na mashirika yanayoendesha miradi ya vijana. Wengine hujiajiri kwa kukodisha mahema, viti na vipaza sauti, au kupanga harusi na makongamano.

Hata hivyo, nafasi za kudumu ni chache kuliko wahitimu. Kazi nyingi ni za mkataba na za msimu, na hufanyika wikendi na sikukuu, wakati wengine wamepumzika. Karatasi ya shahada peke yake haitoshi. Mwajiri huuliza: umewahi kusimamia nini? Kijana mwenye barua tatu za kuthibitisha kwamba aliwahi kupanga mashindano ya wadi, kusimamia tiketi za tamasha au kujitolea katika mbio za barabarani humtangulia mwenye alama nzuri asiyewahi kushika rejista ya wageni.

Habari njema ni kwamba uzoefu huo hauna karo. Ligi za mashinani, michezo ya shule, hafla za kanisa na msikiti, na michezo ya wafanyakazi wa kaunti, KICOSCA, zote huhitaji mikono.

Kabla ya kujaza fomu

• Soma orodha ya masomo ya kozi, usitosheke na jina lake. Kozi mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na masomo tofauti kabisa.

• Hakikisha kozi na chuo vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Fanya hivi kabla ya kulipa ada yoyote.

• Uliza chuo huwapeleka wapi wanafunzi wake kwa mafunzo ya kazini, na kama huwasaidia kupata nafasi au kila mmoja hujitafutia.

• Linganisha gharama yote: karo, kodi ya nyumba, chakula na nauli za mafunzo. Mikopo ya HELB ipo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi, lakini mkopo ni deni, hulipwa.

• Jitolee katika hafla moja kabla ya kuchagua. Siku moja ya kupanga viti, kuelekeza wageni na kusikiliza malalamiko itamweleza kijana mengi kuliko kijitabu cha chuo.

• Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi nafasi ya chuo au ya kazi. Kozi za serikali huombwa kupitia tovuti ya KUCCPS, na nafasi za kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Mwanafunzi ambaye bado hajaamua aanze kwa mwalimu wa ushauri wa taaluma shuleni kwake. Maswali kuhusu mkopo yanaweza kuulizwa HELB au katika Huduma Centre.