Ngazi Iliyokosa Vidato

Mwaka 1794 mabaharia wa nahodha George Vancouver walipopita kusini-mashariki mwa Alaska, pale tunapopaita leo Glacier Bay hapakuwa na ghuba ya kuingia. Palikuwa na ukuta wa barafu, na mbele yake kijighuba kidogo tu. Sasa meli huingia palepale ikasafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kukutana na barafu.

Watlingit wa Huna, wenyeji wa hapo, wanayajua hayo tangu mababu. Zamani pale palikuwa bonde, na lilikuwa kwao, mpaka barafu iliposhuka karne ya 18 na kuwahamisha. John Muir, mwandishi wa mazingira anayetajwa sana vitabuni, aliingia humo mwaka 1879 kwa mtumbwi, na waliomwongoza ni Watlingit.

Meli kubwa za kitalii haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku. Abiria wake huitazama nchi kutoka ghorofani, kama sinema. Mimi ningechagua meli ndogo yenye abiria wasiofika mia, inayoshusha mashua za mpira na kuwapeleka watu ufukweni, maana utamu wa Glacier Bay uko chini, miguuni.

Mlangoni mwa ghuba unakanyaga msitu mzito wa misprusi, ardhi laini kama godoro. Ukisonga ndani, misitu inageuka vichaka vya alda. Mbele zaidi ni driasi, mmea mfupi wenye maua ya njano, unaotambaa juu ya changarawe. Mwisho ni mwamba mtupu uliovuliwa barafu juzijuzi. Alda hufanya kazi ambayo mkulima wa kunde anaijua: bakteria kwenye mizizi yake huvuta naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi.

Mwanaekolojia William Cooper aliuona mpangilio huo, na mwaka 1916 akaanza kupima vipande vidogo vya ardhi ili vifuatiliwe miaka na miaka. Yeye na wenzake ndio waliopigania eneo hilo lihifadhiwe, likahifadhiwa mwaka 1925. Vitabu vya shule vikaichukua ghuba kuwa ngazi: driasi, kisha alda, kisha msprusi, kila kidato kikimwandalia mwenzake.

Ngazi nzuri, ila miti yenyewe iliikana. Mwaka 1995 mwanaekolojia Christopher Fastie alichapisha alichokisoma katika pete za miti: misitu mikongwe ya mlangoni haikuwahi kupitia vichaka vizito vya alda. Misprusi iliwahi mapema, kwa kuwa mbegu zilikuwa jirani. Kumbe ukienda kutoka mlangoni hadi kwenye barafu hurudishi saa nyuma. Unapita kwa majirani waliokulia malezi tofauti.

Huko mwisho, nahodha akizima injini, maji yanatatarika kama mafuta yanayokaangiwa vitunguu. Ni vipande vya barafu vinavyoyeyuka, na hewa iliyobanwa humo tangu theluji ilipoanguka milimani inapasuka povu kwa povu. Wanasayansi walioshusha vinasa sauti majini wamekuta ghuba za namna hii ni miongoni mwa sehemu zenye kelele nyingi zaidi baharini. Juu ya vipande hivyo sili wamelala na watoto wao. Inadhaniwa makelele hayo huwaficha wasisikiwe na nyangumi wauaji wanaowinda chini.