Pumzi ya Injini: Tabo na Supachaja

Tangu muhula huu uanze, bwenini mwetu hakuna amani. Wenzangu wapendao motokaa wamegawanyika pande mbili. Wengine husema kwamba tabo ndiyo mtambo bora wa kuiongezea injini nguvu, na wengine hushikilia kwamba supachaja haina mfano. Wengi wao hawajapata kuona hata mmoja wa mitambo hiyo. Mimi tabo nimeiona, tena imefunguliwa na kulazwa juu ya gunia, lakini sababu ya kuiona ni habari ya kunitia aibu. Nitaieleza mbele kidogo. Kwanza yafaa tujue kazi ya mitambo hii.

Watu wengi hudhani kwamba motokaa huenda kwa petroli au dizeli tu. Sivyo. Mafuta hayawaki bila hewa, kama vile mshumaa usivyowaka ndani ya chupa iliyozibwa. Ili kuunguza kilo moja ya petroli, injini huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Tukipima kwa lita, lita moja ya petroli huhitaji lita 9,000 hivi za hewa, yaani mapipa 45 ya lita 200 kila moja! Kumimina mafuta zaidi ndani ya injini si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuipatia injini pumzi ya kuyaunguza.

Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe. Pistoni inaposhuka, ndani ya silinda hubaki nafasi, na hewa ya nje huingia kuijaza. Haiwezi kuingia zaidi ya hapo. Basi mtu atakaye nguvu zaidi ana njia mbili. Ama atengeneze injini kubwa na nzito zaidi, ama ashindilie hewa nyingi zaidi ndani ya silinda zile zile. Njia hii ya pili si ngeni kwetu. Mhunzi akitaka moto mkali hatoshi kuongeza makaa; huvukuta mivuo. Tabo na supachaja ni mivuo ya injini. Zote mbili hufanya kazi moja, na swali la kuuliza ni hili tu: ni nani anayevukuta?

Katika supachaja, anayevukuta ni injini yenyewe. Ukanda au gia hutoka katika shafti kuu ya injini na kuizungusha pampu ya hewa. Injini ikizunguka, pampu nayo huzunguka. Injini ikienda mbio, pampu nayo huenda mbio. Aina moja iliyo mashuhuri ilitoka kwa ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville, waliopata hati ya ubunifu mwaka 1860, wakati motokaa hazijatokea. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka vikikabiliana, kila kimoja kikichota hewa na kuisukuma mbele. Watu waliitumia pampu hiyo kupulizia hewa katika matanuru ya kuyeyushia chuma. Kwa hiyo ilikuwa mivuo ya mhunzi kweli kweli kabla ya kuingia katika motokaa.

Mwaka 1885 Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hati ya njia yake ya kusukuma hewa ndani ya injini. Mwaka 1921 motokaa za Mercedes zenye supachaja zilionyeshwa mjini Berlin. Moja iliitwa 6/25/40, na jina hilo peke yake ni somo zima. Namba ya kwanza ilikuwa ya kukadiria kodi. Ya pili ni nguvu za farasi 25, injini ikivuta hewa yenyewe. Ya tatu ni nguvu za farasi 40, supachaja inapofanya kazi. Dereva alipokanyaga mafuta mpaka mwisho, ndipo pampu ilipounganishwa na injini.

Uzuri wa supachaja ni utii. Ukikanyaga mafuta, nguvu huja saa ile ile, maana pampu imefungwa na injini kama ng'ombe wawili katika nira moja. Ubaya wake ni kwamba pampu hiyo hailipwi na mtu mwingine. Nguvu ya kuizungusha hutolewa katika nguvu ya injini, na dizeli au petroli ya kuipata hununuliwa na mwenye gari. Ni kama mtu aliyemwajiri mpagazi ampunguzie mzigo, kisha ikambidi ambebe mpagazi mwenyewe sehemu ya safari. Faida ipo, lakini jasho nalo lipo.

Sasa tutazame tabo. Mafuta yanapoungua, karibu theluthi moja ya joto lake hutoka nje pamoja na moshi. Hiyo ni mali inayotupwa. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliona kwamba moshi huo unaweza kufanyishwa kazi, akapata hati ya ubunifu mwaka 1905. Tabo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mtaimbo mmoja mfupi. Moja limewekwa katika njia ya moshi, nalo huzungushwa na moshi kama gurudumu la kinu linavyozungushwa na maji ya mto. La pili liko katika njia ya hewa safi. Kwa kuwa mtaimbo ni mmoja, la kwanza likizunguka, la pili huzunguka vile vile na kuishindilia hewa ndani ya injini. Moshi wa jana, kwa kusema hivyo, ndio unaopika chakula cha leo.

Faida yake ilionekana mapema baharini. Katika miaka ya 1920, meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungiwa tabo za Büchi. Nguvu za injini zake zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500.

Lakini tabo nayo ina kasoro zake. Kwanza, si ya bure kabisa, maana moshi hukuta kizuizi njiani na pistoni hulazimika kuusukuma. Pili, ina uvivu wa kuamka. Injini ikienda polepole, moshi ni mchache na magurudumu hayana kasi. Dereva akikanyaga mafuta kwa ghafula, hungoja kidogo mpaka moshi uongezeke ndipo nguvu ije. Tatu, moshi ukizidi, tabo yaweza kushindilia hewa kupita kiasi. Kwa sababu hiyo nyingi huwekewa kilango cha kupitishia moshi wa ziada. Nne, na hili ndilo lililonipata mimi, tabo hukaa mahali pa hatari. Upande mmoja wake una moto mkali, na mtaimbo wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kinachouokoa usisagike ni utando mwembamba wa oili unaoletwa na pampu ya injini.

Mitambo yote miwili ina shida moja ya pamoja. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kama anavyojua kila mtu aliyeshika pampu ya baisikeli baada ya kujaza gurudumu. Hewa ya moto hutanuka, na hivyo humaliza sehemu ya faida. Ndiyo sababu magari mengi huwekewa kipoza hewa, kinachofanana na rejeta ndogo, kati ya pampu na injini.

Mpaka hapa msomaji ataniuliza, "Mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Uganda?" Yanatuhusu sana, kwa sababu ya milima. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Barabara ya kutoka Mombasa kuja kwetu huanzia kando ya bahari, na huko Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, hufika zaidi ya mita 2,700. Hapo karibu robo ya hewa imepungua. Injini isiyo na mivuo hupungukiwa na pumzi, tena mahali pale pale penye mlima mkali. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300 hivi, ili aijaribu. Bila tabo, injini ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ilipofungiwa tabo, ilizirudisha. Supachaja nayo imefanya kazi kubwa angani, kwa mfano katika ndege za Spitfire za Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo si haki kusema kwamba haifai mahali pa juu.

Sasa nieleze aibu yangu. Katika likizo ya Desemba nilikuwa taniboi wa mjomba wangu, ambaye ana lori moja kuukuu na ndiye anayenilipia karo. Kila tulipokwisha kupanda mlima na kusimama, mjomba alikuwa akishuka kwenda kuonyesha karatasi au kununua chai. Kabla ya kushuka aliniambia, "Mwanangu, iache injini ivume polepole dakika tatu, ndipo uizime." Mimi nikajiona mjanja. Niliona kwamba dakika tatu ni dizeli inayopotea bure, na kwamba ninamsaidia mjomba kubana matumizi. Alipogeuka tu, nilizima.

Nilifanya hivyo safari ya kwanza, nikafanya na ya pili. Katika safari ya tatu, tulipokuwa tukipanda baada ya Nakuru, tulisikia mluzi mwembamba chini ya boneti, kisha mkwaruzo wa chuma. Lori likatoa moshi mwingi na nguvu zikaisha. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara alitupita kwa miguu.

Fundi aliyetufungulia tabo aliilaza juu ya gunia, akachomoa kijibomba cha oili na kukigonga. Kikatoa vipande vyeusi kama makaa. Akatueleza hivi. Injini inapotoka mlimani, tabo inakuwa na moto sana na bado inazunguka kwa kasi. Ukizima ghafula, pampu ya oili nayo husimama. Oili iliyobaki ndani huungua, hugeuka masizi magumu na kuziba njia. Kidogo kidogo mtaimbo hukosa oili na kujisaga. Kisha akauliza, "Nani huzima injini hii?" Mimi nilinyamaza. Mjomba akajibu, "Dereva ni mimi, Fundi."

Nilimwambia ukweli usiku ule, tulipokuwa tumelala ndani ya lori. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuambia ufanye, lakini sikukuambia kwa nini. Sasa umejua." Hakulitaja jambo hilo tena. Fedha iliyonunua tabo nyingine ilikuwa ya karo yangu, nami nilirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzangu.

Pale gereji mtu mmoja alishauri tabo itolewe na supachaja ifungwe badala yake. Fundi alicheka, akampa sababu ambazo nawapa wenzangu wa bwenini. Lori hubeba mzigo mzito saa nyingi mfululizo, injini ikifanya kazi karibu wakati wote. Moshi haukosekani, kwa hiyo uvivu wa tabo hausumbui sana. Supachaja ingedai sehemu yake ya nguvu saa zote hizo, na dizeli ni ghali. Tena injini ya dizeli huvumilia hewa iliyoshindiliwa kuliko ya petroli, ambayo mafuta yake yaweza kulipuka kabla ya wakati na kuigongagonga injini. Lakini katika mashindano ya mbio fupi, ambapo dereva hataki kungoja hata nukta moja wala hajali gharama ya mafuta, supachaja bado ina heshima yake kubwa. Basi anayeuliza ni upi ulio bora, na aseme kwanza ni kwa kazi gani.

Nimefarijika kidogo kujua kwamba si mimi peke yangu niliyeshindwa na masharti ya tabo. Mwaka 1962 Wamarekani waliuza motokaa ndogo yenye tabo, Oldsmobile Jetfire. Ilihitaji kujazwa maji maalumu yaliyochanganywa na methanoli, ili petroli isilipuke kabla ya wakati. Wengi waliacha chombo chake kikauka, na baada ya 1963 motokaa hiyo haikutengenezwa tena.

Wasomaji wenzangu, kama likizo ijayo mtapewa ufunguo wa gari lenye tabo, likimaliza kupanda mlima au mwendo mrefu wa kasi, msilizime papo hapo. Liacheni livume polepole, oili ipite na moto upungue. Oili nayo ibadilishwe kwa wakati wake. Na mkiambiwa jambo na mtu mzima ambalo hamlielewi, lifanyeni kwanza, kisha ulizeni sababu yake. Mimi nilitaka kuokoa dizeli ya dakika tatu, nikaikosa shule siku kumi na nne. Haraka haraka haina baraka.