Mashada na Ushahidi: Habari za Mabaraza Mawili ya Wakenya

Wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Maneno hayo hutumiwa mara kwa kusifu na mara kwa kuonya, maana katika mkutano wa watu wengi hupatikana hekima na hupatikana upuzi, na mwenye kuwaita watu hawezi kujua mapema ni kipi kati ya hivyo kitakachozidi. Katika miji ya pwani mahali pa mkutano wa namna hii ni baraza, yaani kile kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi jioni na kuzungumza. Baraza lina mwenyewe, naye ni mwenye nyumba. Hakulijenga ili aseme peke yake, bali amewakaribisha wengine waseme. Walakini pakizuka matusi, aibu ni yake, na ni juu yake kuwatuliza wagomvi au kuwaomba waondoke.

Tangu intaneti ilipoenea, yamefunguliwa mabaraza mengine yasiyo na jiwe wala ukuta. Mtu aliyeko Nairobi na mtu aliyeko ng'ambo huketi humo pamoja, wasionane nyuso, na pengine wasijuane majina. Mabaraza hayo nayo yana wenyewe. Makala hii yaeleza habari za mmoja wao, Bwana David Kobia wa Kenya, ambaye katika mwezi mmoja wa Januari 2008 alishiriki kuanzisha tovuti mpya iliyoitwa Ushahidi, na kabla mwezi haujaisha akalazimika kufunga baraza lake la zamani lililoitwa Mashada. Watu wa nchi ni wale wale, msiba ni ule ule, na fundi ni yule yule. Lakini katika tovuti moja maneno yaligeuka moto, na katika ya pili yakawa kumbukumbu yenye manufaa. Yafaa kuuliza ni kitu gani kilichozitenga.

Mashada lilianza mwaka 1999, wakati ambapo Wakenya waliokuwa na kompyuta nyumbani kwao walikuwa wachache sana. Kwa Kiswahili shada ni fungu la vitu vilivyounganishwa pamoja, kama maua au shanga, na mashada ni wingi wake. Baraza hilo likawa miongoni mwa makubwa ya Wakenya katika intaneti, nalo liliwaunganisha waliobaki nyumbani na waliotawanyika katika nchi za mbali. Bwana Kobia mwenyewe alikuwa akiishi Marekani. Kama ilivyo desturi ya mabaraza ya namna hii, mtu alisema alilotaka, na neno lake likaonekana papo hapo mbele ya macho ya wote. Wakati wa amani desturi hiyo ina raha yake. Mzaha hujibiwa kwa mzaha, na mwenye kukosea husahihishwa na wenziwe kabla ya jua kuchwa.

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura kumchagua rais. Hesabu ya kura ilikawia, shaka ikaingia, na tarehe 30 Desemba Bwana Mwai Kibaki akatangazwa kuwa ameshinda na kuapishwa jioni ile ile, huku wafuasi wa Bwana Raila Odinga wakikataa matokeo. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zikaenea katika Bonde la Ufa, Nyanza, Nairobi na mahali pengine. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililokuwa Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokuwa wamekimbilia ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mapatano hayajatiwa sahihi tarehe 28 Februari, kwa usuluhishi wa Bwana Kofi Annan, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao.

Katika siku kama hizo habari huwa haba na uvumi huwa tele. Mtu asiyejua ndugu zake wamelalaje huuliza kila apitaye, na kila apitaye humjibu. Kuna methali isemayo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wakati wa utulivu ni methali ya busara, kwa kuwa yamfundisha mtu asidharau minong'ono. Lakini wakati wa vita vya jirani na jirani ni methali ya hatari, maana neno lisilokuwapo laweza kuletwa kwa kusemwa tu. Likisemwa kwamba watu wa upande fulani wanakuja usiku, watu wa upande wa pili hushika silaha, na wale waliosingiziwa wakiona silaha huja kweli. Uvumi wa namna hiyo ulipitishwa kwa ujumbe wa simu za mkono, na pia katika mabaraza ya intaneti.

Tarehe 3 Januari Bibi Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya aliyekuwa amekwisha kushiriki mwaka 2006 kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge, aliandika wito kwa wasomaji wake. Alikuwa ametoka Kenya na kurudi Afrika ya Kusini alikokuwa akiishi. Alieleza kwamba mapatano ya kweli mashinani hayawezi kufanyika mpaka ukweli wa mambo yaliyotendeka ujulikane, kisha akauliza kama wako mafundi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali palipotokea mauaji na uharibifu. Wito huo uliitikiwa na Bwana Erik Hersman, aliyelelewa Sudan na Kenya, na Bibi Juliana Rotich, na Bwana Kobia. Kazi ya kuandika programu ilimwangukia zaidi Bwana Kobia. Yapata juma moja baada ya wito, tovuti ikawa tayari.

Jina walilolichagua lastahili kuangaliwa. Shahidi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na jamaa zake ni shahada na kushuhudia. Kwa asili shahidi ni mtu aliyekuwapo na kuona. Kiswahili kikalitia kiambishi cha u- na kupata ushahidi, yaani kazi ya shahidi na kile akitoacho. Kwa hiyo ushahidi si sawa na habari. Habari yaweza kusikiwa kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Ushahidi wataka mwenye macho. Hakimu amwitapo shahidi hamwulizi anampenda nani wala anamchukia nani. Humwuliza: ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, uliona nini kwa macho yako? Akianza kueleza aliyoambiwa na jirani, huzuiwa.

Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa mhimili wa tovuti mpya. Mtu aliyeona jambo alipeleka habari kwa ujumbe wa simu, au kwa barua pepe, au kwa kujaza fomu iliyokuwa katika tovuti yenyewe. Ilimpasa kutaja mahali, siku, na namna ya tukio: kama ni ghasia, mauaji, uporaji, uharibifu wa mali, au matendo ya askari. Juhudi za amani nazo ziliwekewa nafasi yake. Habari haikutokea papo hapo kama katika baraza. Ilisomwa kwanza, na ilipowezekana ikalinganishwa na habari nyingine au kuulizwa kwa watu waliokuwa karibu na mahali pale, ndipo ikatiwa katika ramani kwa alama. Aliyefungua ramani hakukuta hotuba wala hoja, bali nchi yake, na juu yake alama, na chini ya kila alama maneno machache ya tukio.

Wakati ule ule, katika Mashada, mambo yaliharibika siku baada ya siku. Watu walioketi pamoja kwa miaka walianza kupimana kwa makabila. Matusi yakawa vitisho, na wenye kusihi wakazomewa. Mwishoni mwa Januari Bwana Kobia aliona kwamba mazungumzo ya heshima hayawezekani tena mahali pale, akafunga baraza lake. Haikuwa hukumu nyepesi. Mwenye kufunga mlango kwa sababu ya wagomvi huwatoa nje na wasuluhishi, na kwa Wakenya wa ng'ambo Mashada lilikuwa mlango wa kupatia habari za nyumbani. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba hawezi kudai kwamba hana sehemu katika yasemwayo barazani pake, ikiwa yeye ndiye mwenye taa na mkeka.

Bwana Kobia hakuacha mahali pale wazi. Siku chache baadaye aliweka tovuti nyingine iliyoitwa I Have No Tribe, yaani Sina Kabila, na waliokuja kulitafuta Mashada wakaelekezwa huko. Humo watu walialikwa waseme wanavyojiona wao wenyewe kuwa Wakenya. Yaliyoletwa yalikuwa nasaha, mashairi, na maombi. Mwezi wa Februari Mashada likafunguliwa tena. Hapa pana jambo la kuzingatia: bila shaka wengi walioandika katika Sina Kabila walikuwa wale wale waliokuwa wameketi katika baraza lililofungwa. Mioyo yao haikubadilika kwa siku chache. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa mlangoni.

Basi tofauti ya tovuti hizi haikuwa katika ufundi. Mashada lilimwambia mgeni, sema upendalo. Ushahidi ilimwambia, sema ulichokiona, mahali gani na siku gani. Neno lililofungwa katika mahali na siku laweza kuchunguzwa, na likiwa la uongo laweza kukanushwa. Lakini neno la kulaumu kabila zima halina mahali wala siku. Halichunguziki, kwa hiyo halikanushiki, na hapo ndipo nguvu yake mbaya ilipo.

Faida ya utaratibu huo ilipimwa. Uchunguzi uliofanywa chini ya Harvard Humanitarian Initiative mwaka 2008 ulilinganisha habari za Ushahidi na zile za vyombo vya habari, ukaona kwamba magazeti yalieleza zaidi matukio yenye vifo, ilhali Ushahidi ilipata pia matukio madogo ya ukatili, tena katika eneo lililo pana zaidi. Jambo hili laeleweka. Mwandishi wa gazeti hufika palipokwisha kumwagika damu. Mwenyeji huona vijana wakikusanyika siku moja kabla.

Hata hivyo si haki kuisifu kupita kiasi. Asiyekuwa na simu wala salio hakushuhudia, hata kama aliona mengi. Habari nyingine hazikuweza kuhakikishwa, kwa kuwa barabara zilikuwa zimezibwa. Tena alama iliyotiwa katika ramani haizimi moto wala haileti askari. Yategemea kama yuko mwenye uwezo anayeitazama, na kama anataka kutenda.

Baada ya machafuko programu ile iliandikwa upya na kutolewa bure ili kila mtu aitumie na kuirekebisha apendavyo. Mwaka 2008 ilitumiwa mashariki ya Kongo. Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi na watu wa kujitolea waliokuwa Marekani waliitumia kuweka katika ramani maombi ya waliofukiwa na wenye njaa, na ujumbe ulioandikwa kwa Kikrioli cha Haiti katika nambari 4636 ulifasiriwa na Wahaiti waliokuwa ng'ambo. Mwaka huo huo, Wakenya walipopigia kura katiba mpya tarehe 4 Agosti, programu hiyo iliangalia upigaji kura kwa jina jingine la Kiswahili, Uchaguzi. Mwaka 2010 pia jarida la Technology Review la chuo cha MIT lilimtukuza Bwana Kobia kwa kazi yake ya kuwafaa wanadamu.

Ndivyo neno la Kiswahili lilivyofika katika vinywa vya watu wasiojua hata salamu ya lugha hii. Wengi wao hulidhani kuwa jina la programu tu. Lakini msemaji wa Kiswahili alisikiapo hukumbuka mahakama, na mtu aliyesimama mbele ya watu akaulizwa alikuwa wapi na aliona nini. Mwenye kutaka kufungua baraza jipya leo, liwe la mawe au la intaneti, atafanya vyema kuamua mapema ni swali gani atakalowauliza wageni wake mlangoni, kwa sababu siku ya ugomvi ikifika atakuwa amechelewa kulitafuta.